Noti Zilizopigwa Pasi

Tik.

Mama Pasi alifumbua macho gizani, akatega sikio. Alfajiri ilikuwa bado, na mvua kubwa ya usiku ilikuwa imebaki manyunyu tu. Paa la chumba chao lilivuja mahali pamoja kwa miaka mingi, na mahali hapo palikuwa na beseni, na beseni lilikuwa na sauti yake anayoijua: tong, nzito, yenye mwangwi. Hii haikuwa sauti ya beseni. Ilikuwa nyepesi na kavu, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Tik. Kimya. Tik.

"Mume wangu, unasikia?" aliuliza, kisha akakumbuka kwamba upande wa pili wa kitanda hapakuwa na mtu. Mumewe alikuwa na siku ya nane hospitalini.

Akawasha taa. Paa lilikuwa limetoboka tundu jipya, na chini yake hasa lilikaa sanduku la bati. Jana yake alikuwa amelifungua ili amtolee mgonjwa shati safi, akalifunga kwa haraka, mkono wa sweta ukabaki nje na kifuniko hakikukaa vizuri. Maji yalikuwa yameufuata mkono ule wa sweta mpaka ndani. Alipoinua kifuniko, kitu cha kwanza alichokutana nacho kilikuwa albamu ya noti, imelowa chapachapa.

Alikaa sakafuni, albamu mbele yake.

Kila mtu mtaani aliijua albamu ile. Mumewe alifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, akipanga barua kwenye visanduku vyake, na kazi ikamganda jina mpaka watu wakasahau lile la kuzaliwa. Wakamwita Posta. Mwenyewe hakuwahi kusafiri zaidi ya mwendo wa siku moja kwa basi. Lakini barua zilizopita mikononi mwake zilitoka pande zote za dunia, na watu waliozipokea, wakikuta ndani noti ndogo ya kigeni isiyonunua kitu hapa, walimletea pale dirishani. "Chukua, Posta, wewe ndiye mwenye wazimu wa hizi." Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga amshike. Nyingine alibadilishana na Fundi Saa, rafiki yake wa tangu ujana, mwenye wazimu huohuo na ulimi mkali kuliko wembe. Zote pamoja zilikuwa mia mbili na kumi na nne, hakuna mbili zinazofanana, na baadhi zilikuwa za nchi ambazo hazipo tena kwenye ramani.

Mama Pasi hakuwahi kuziangalia kwa makini. Alikuwa dobi wa hospitali. Mashuka ya wodi nzima yalipita chini ya pasi yake, na akirudi nyumbani jioni macho yalikuwa yamechoshwa na weupe.

"Hizo zako hazinunui hata kiberiti," alikuwa akimtania.

"Na mshahara wako haununui mkaa wa pasi," mumewe alimjibu, na mambo yaliishia hapo, kwa kicheko.

Kisha sukari ikayachukua macho ya Posta. Ulianza ukungu, likafuata giza. Mwezi wa kwanza hakutaka kusema na mtu. Mwezi wa pili aliomba albamu yake, akaipakata, akachomoa noti moja, akapitisha ncha ya kidole juu yake polepole. Mama Pasi alikuwa kando akichambua mboga, na ndipo alipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu giza liingie.

"Hii ni ya meli," alisema Posta. "Milingoti mitatu. Njoo uone kama nasema uongo."

Alikwenda, akaona. Ilikuwa ya meli, milingoti mitatu.

Noti, mumewe alimweleza, haichapwi kama gazeti. Wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi, kama kovu la mkwaruzo wa zamani, na mtu mwenye subira anaweza kuusoma kwa kidole. Kuanzia siku ile, kila alasiri alikaa mlangoni kwenye kiti chake, albamu mapajani, akizunguka dunia.

Kwa hiyo siku alipokanyaga msumari bila kusikia maumivu, na kidonda kikaoza kabla hakijaonekana, jambo la kwanza alilomuuliza daktari halikuhusu mguu.

"Na vidole vya mikono, daktari?"

Daktari alikuwa kijana asiyejua kuficha neno. Alimwambia kwamba ganzi huanzia miguuni, na ikifika mikononi, ujue ugonjwa umekwenda mbali. Posta aliitikia kwa kichwa. Mkewe alipokuwa akimfunika shuka ili aondoke, alimshika mkono.

"Jumapili niletee albamu. Macho yamekwenda, mguu unakwenda. Nataka nijue kama vidole bado ninavyo."

Na sasa albamu ndiyo hii, inachuruzika maji sakafuni.

Ingekuwa maji matupu, angezianika tu. Lakini jalada la albamu lilikuwa la kitambaa chekundu, na rangi ilikuwa imechuja, ikaingia kwenye vifuko vya plastiki, ikazitia noti madoa kama ya damu. Mama Pasi hakuwahi kushindwa na doa. Kwa miaka ishirini na minane alitoa damu kwenye mashuka na dawa kwenye foronya, na kuna madaktari waliokuwa wakiyaleta makoti yao kwake tu, hawamtaki dobi mwingine. Akazitazama noti zile, akafuta machozi kwa upande wa kanga.

"Jikaze kisabuni," alijiambia, akainuka akabandika maji.

Alizifua kwa siku tatu. Maji yalikuwa vuguvugu, sabuni ni kipande alichokikuna kwa kisu kikawa vumbi. Hakusugua. Alizipapasa kwa kiganja, moja moja, kama anavyooshwa mtoto ambaye kitovu chake hakijakauka. Akazisuuza maji matatu. Akakoroga wanga mwepesi, maana karatasi iliyolowa hulegea, naye alitaka zisimame kama zilivyokuwa. Akazianika chumbani kwenye kamba, kila ukurasa wa albamu kamba yake, ili mpangilio wa mumewe usivurugike, kama alivyokuwa akitenganisha nguo za wodi moja na nyingine. Mwishowe akapuliza majivu kwenye pasi ya mkaa, akatandika kitambaa chenye unyevu juu ya kila noti, akazikandamiza mpaka mkunjo wa mwisho ukakata tamaa.

Jumamosi jioni zilikuwa zimerudi kwenye vifuko vyao, nyoofu, safi, zinang'aa. Zote mia mbili na kumi na nne. Hakuna hata moja iliyochanika. Aliifunga albamu, akaipiga busu.

Alikuwa bado ameishika mkononi, Fundi Saa alipobisha hodi.

"Hodi, shemeji! Nimekuja kukupa salamu umpelekee yule kipofu. Mwambie noti yangu ya ndege watatu haipati ng'o, hata akilia machozi ya damu. Miaka ishirini ananiomba!"

"Karibu, shemeji. Kaa kwanza. Nina kitu cha kukuonyesha."

Alimsimulia habari ya mvua, akamfunulia albamu kama mama anayemwonyesha mgeni mtoto aliyekwisha kuogeshwa. Fundi Saa alitoa kile kioo chake cha kutazamia saa, akakibana kwenye jicho, akainama. Akakaa kimya. Mama Pasi alimfahamu mtu yule kwa zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kumwona kimya. Hata kwenye mazishi alikuwa na la kusema.

"Shemeji," alisema mwishowe, "umezifua?"

"Nimezifua."

"Ukapiga na pasi?"

"Na wanga kidogo."

Fundi Saa alikitoa kioo jichoni, akakifuta kwa shati ingawa hakikuwa na vumbi.

"Noti haifuliwi, shemeji. Hata iwe imetoka kwenye tope, haifuliwi. Mimi na mumeo tukisikia mtu kafua noti, tunamcheka mwezi mzima." Hakuwa akicheka. "Weka kidole hapa. Kwenye mlingoti wa meli. Unasikia nini?"

Mama Pasi aliweka kidole. Palikuwa laini kama shuka.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Wino umelala. Pasi imeulaza."

Mama Pasi alielewa. Alikaa kitandani, akaitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa haijawahi kuharibu nguo ya mtu.

"Kesho anataka kuzishika," alisema. "Amesema anataka kujua kama vidole anavyo."

"Mwambie zimeibwa," alisema Fundi Saa. "Mara moja moja wezi nao wana faida yao."

Hakuna aliyecheka. Fundi Saa aliinuka kwenda zake, lakini mlangoni aligeuka. "Ila, shemeji, niseme ukweli. Karatasi mia mbili, na doa lile jekundu, na hakuna hata moja iliyopasuka. Hakuna dobi mwingine angeweza. Hilo nalo lisemwe." Akaondoka upesi, na Mama Pasi alimshukuru moyoni kwa maneno yale, ingawa hayakufuta kitu.

Jumapili alifika wodini na maneno yake ameyapanga kichwani kama nguo kabatini. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na harufu ya dawa ya kudekia aliyoijua tangu ujana. Nesi wa zamu, ambaye Mama Pasi alikuwa akimfulia sare kabla ya kustaafu, alimwona akihema akamvutia kiti chake mwenyewe. Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa malori, mtu mwenye matani, tumbo limemvimba na ngozi imekuwa manjano.

"Shikamoo, mama! Babu, amka, benki imefika!"

"Marahaba, mwanangu. Leo unaendeleaje?"

"Injini inazima, mama, lakini honi bado inalia."

Posta alikuwa tayari ameinua mikono yote miwili hewani. "Lete," alisema.

Mama Pasi alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale alipoyapanga, lakini mikono ile iliyokuwa ikingoja ilimshinda. Akaiweka albamu ndani yake.

Harufu ya sabuni haikumshtua Posta, maana mkewe alinuka sabuni maisha yake yote. Alifungua ukurasa wa kwanza, akachomoa noti ya kwanza, akapitisha kidole. Akarudia. Akabadilisha kidole. Akaiweka mapajani, akachukua ya pili. Ya tatu aliipitisha shavuni, kisha kwenye mdomo. Dereva alikuwa akiangalia kwa tabasamu, na tabasamu likamtoka polepole. Ya kumi Posta hakuirudisha kwenye kifuko chake. Aliiacha ianguke juu ya shuka.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ndogo, "vimekwenda."

"Nini?"

"Vidole. Sisikii kitu. Sisikii meli, sisikii hata namba." Akajaribu kucheka. "Daktari alisema kweli. Huanzia chini hupanda juu."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu. Lakini Mama Pasi aliokota noti zilizoanguka, akazirudisha kwenye vifuko vyake, akamfuta jasho mumewe, akasema, "Pumzika kwanza, utasikia kesho." Kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, aliinuka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Njia nzima hakuinua uso. Aliona wazi kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Fundi Saa hatasema. Mumewe ataulaumu ugonjwa, na yeye atabaki mke mwema mpaka mwisho.

Jumatatu nesi alimngoja mlangoni mwa wodi.

"Mama, mzee hajala tangu jana. Na leo asubuhi daktari alikuja na fomu ya kukatwa mguu, mzee akakataa kuweka kidole gumba. Anasema kateni au msikate, yeye ameshakwisha. Mama, sumu inapanda. Tukichelewa siku mbili tatu, hata kukata hakutasaidia. Zungumza naye. Wewe atakusikia."

"Alisema kwa nini?"

"Anasema hana cha kurudia nyumbani."

Mama Pasi alisimama akiishika nguzo ya mlango. Kisha akaenda hadi kitandani, akakaa kwenye ncha ya godoro, jambo ambalo nesi huwa haruhusu na siku ile aliliruhusu kwa kugeukia pembeni.

"Mume wangu. Nina neno."

"Sema."

"Vidole vyako havina kosa. Kosa ni langu."

Akamwambia yote. Mvua, sweta, kifuniko, lile doa jekundu. Maji vuguvugu, sabuni, wanga, pasi. Hakujitetea. Hata pasi hakuiruka, akaendelea mpaka mwisho. Dereva alikuwa macho wakati wote huo, lakini alijigeuza taratibu akautazama ukuta na kuanza kukoroma kwa kujifanya, akiwapa faragha pekee aliyokuwa nayo ya kuwapa.

Posta aliivuta albamu karibu na mto.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Na ile ya mjane wa kule mtaa wa chini? Aliyonipa siku alipopata habari za mwanawe?"

"Na hiyo."

"Na jana ulikaa hapo hapo ukanitazama."

"Nilikaa."

"Nenda nyumbani," alisema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Jumanne alikuja, mumewe akageuzia uso upande wa dirisha asiloliona. Aliacha chakula, akaondoka. Lakini kwenye korido nesi alimkimbilia na karatasi mkononi, akamwonyesha chini ya maandishi alama ya kidole gumba, ya wino wa buluu, imekaa upande kidogo. "Ameweka jana jioni," alisema nesi. "Sijui ulimwambia nini, mama, lakini ameweka." Jumatano walimkata mguu chini ya goti.

Kwa siku sita Mama Pasi alikuja kila alasiri, akamwosha mumewe, akamlisha, akanyoosha shuka lililopigwa pasi ovyo na vijana wa siku hizi. Mumewe alisema "asante" kwa kijiko na "basi" akishiba. Siku ya saba alikuja na Fundi Saa.

Kitanda cha jirani kilikuwa kimetandikwa upya, shuka limevutwa mpaka kwenye mto, hakuna mtu. Mama Pasi alisimama mbele yake kidogo. Hakuuliza. Akainyoosha pembe moja iliyokunjamana, akapita.

"We mlemavu wa kila kitu!" Fundi Saa alianza kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Bado uko duniani?"

"Niko. Nakungoja uniletee ndege wangu watatu."

"Wako wapi? Wangu hao!" Lakini alikuwa tayari ametoa bahasha mfukoni. Akachomoa noti yake ya thamani, ile isiyowahi kufuliwa, isiyokunjwa hata mara moja, noti ambayo kwa miaka ishirini hakumruhusu mtu kuigusa ila kwa kibano. Akaiweka kwenye kiganja cha rafiki yake. "Sikwambii ni ipi. Nimeleta kadhaa. Sema mwenyewe."

Posta alipitisha kidole. Mama Pasi alijikuta akishika chuma cha kitanda. Huyu ndiye shahidi, aliwaza. Wino wa noti hii umesimama. Kidole kilikwenda, kikarudi, kikakaa katikati kabisa ya bawa la ndege.

"Ya nyumba yenye nguzo," alisema Posta. "Ile uliyoipata kwa yule baharia."

Fundi Saa alimwangalia Mama Pasi.

"Umepatia," alisema mara moja. "Umepatia, bwana. Vidole unavyo."

Akaichukua noti yake, akashindwa kuiingiza kwenye bahasha, akaitia mfukoni hivyo hivyo, mtu ambaye hakuwahi kuikunja. Akasema ana saa ya mteja inamngoja, akaaga. Mama Pasi alimsikia akipenga kamasi kwenye korido.

Walibaki wawili. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la mashuka machafu, gurudumu moja likilia.

"Haikuwa ya nguzo," alisema Posta. "Sivyo?"

Mama Pasi alifikiria uongo wa Fundi Saa, jinsi ulivyokuwa mzuri. Lakini alikuwa ameshaonja mwingine, siku ile ya Jumapili.

"Haikuwa. Ilikuwa ya ndege."

"Nilijua. Amekubali haraka mno. Yule bwana hajawahi kunikubalia neno lolote bila kubishana kwanza." Alisugua kidole kwa kidole. "Hata kabla ya leo nilijua. Siku ile uliniambia umezitia wanga. Karatasi yenye wanga ni ngumu kama kola ya shati jipya, hata mtoto anaijua. Mimi nimeshika kumi, na sikusikia hata wanga."

Siku zote hizo Mama Pasi alikuwa amejipa moyo kwamba kwa kusema kweli alimrudishia vidole vyake.

"Kwa nini basi ukaweka alama? Kwa nini ukakubali kukatwa?"

"Nilikasirika," alisema Posta. "Bado nimekasirika. Noti ile ya mjane nitaililia mpaka niingie kaburini. Lakini nililala pale nikawaza: mwanamke huyu angeweza kunyamaza. Mimi ningekufa nikijua ni sukari tu, naye angelia vizuri na watu wakampa pole. Badala yake amekuja kujivua nguo mbele yangu. Nikaona, mtu kama huyo kumwacha mapema ni utovu wa adabu." Aligusa goti la mguu uliobaki. "Daktari anasema mguu wa pili nao umeanza. Nesi hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Ni mtu mwema. Alitaka upate usingizi kidogo." Akapapasa kando ya mto. Albamu ilikuwa pale. Alikuwa amelala nayo siku zote hizo, na nesi alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi bila kuambiwa. "Zimebaki na picha?"

"Picha zimebaki. Zimepauka kidogo."

"Basi nisomee. Wewe una macho, na kwa miaka thelathini na saba hujawahi kuangalia kwa makini hata moja."

Mama Pasi alivaa miwani yake iliyofungwa uzi. Alifungua ukurasa wa kwanza. Hakuwa msomaji mkubwa, alisoma kwa kufuata kidole, na maneno ya kigeni aliyasoma herufi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Hii ina meli."

"Hiyo naijua. Niambie nisichokijua."

Aliisogeza kwenye mwanga. "Kwenye meli kuna mtu. Mdogo sana. Amesimama nyuma kabisa, ameshika kamba."

Posta aligeuza uso kwake. "Mtu? Kwenye ile ya meli?"

"Ndiyo. Ana kofia."

"Sikuwahi kumwona," alisema Posta. "Miaka yote ile, na macho yangu mazima. Sikuwahi kumwona. Endelea."

Akaendelea. Mama mwenye kikapu, na kikapuni kuna samaki watano. Mlima wenye ncha mbili. Mzee mwenye ndevu, na shati lake, Mama Pasi aliongeza, limepigwa pasi vibaya kwenye kola, na Posta alitoa sauti fupi puani ambayo zamani ingekuwa kicheko. Alitaka kila kitu: rangi ya kona, idadi ya madirisha, mtu anatazama kulia au kushoto. Noti moja ilichukua muda mrefu kuliko kulisha mtu. Mara mbili alilala katikati, akazinduka, akauliza walikuwa wamefika wapi, naye akaanza upya tangu mwanzo wa ile noti.

Kengele ililia wakiwa kwenye ya kumi na mbili. Nesi alipita, akawaona, akapitiliza mpaka mwisho wa wodi, akarudi polepole kuliko kawaida, kisha ndipo akasimama karibu na kitanda bila kusema neno.

Mama Pasi alifunga albamu. Bila kutaka, alipiga hesabu kichwani. Kumi na mbili kwa siku, kutoka mia mbili na kumi na nne. Akautazama mguu uliobaki, uliotokeza nje ya shuka, vidole vyake vimeanza kuwa vyeusi kwenye ncha, akaona kwamba mumewe naye ameipiga hesabu ileile. Hakuna aliyeitamka.

Alimfunika, akanyoosha shuka kifuani, akainuka. Mkono wa Posta ulimtafuta hewani, ukapata upande wa kanga, ukaushika, ingawa pengine haukusikia kama umeshika kitu.

"Kesho uje tena," alisema. "Uje mapema, mke wangu. Uje na miwani."